Ulevi na Kipigo Nyumbani: Jumuiya Ifanye Nini?

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa ambao hauingii nyumbani peke yake. Malaria humlaza mtu mmoja, na wengine wakabaki wazima wa kumwuguza. Lakini ulevi ukiingia katika nyumba huwalaza wote: anayekunywa, mwenzake wa ndoa, watoto, na hata bibi na babu wanaokaa pamoja nao. Na pale ulevi unapofuatana na matusi na kipigo, nyumba ambayo tunaiita Kanisa la nyumbani hugeuka kuwa mahali pa hofu.

Mara nyingi tunaposikia habari za nyumba ya namna hiyo, swali letu la kwanza huwa: "Tutamfanyaje huyu mzee aache pombe?" Swali hilo ni jema, lakini lisiwe la kwanza. Huenda akaacha mwaka huu, huenda akaacha baada ya miaka kumi, na huenda asiache kabisa. Mke na watoto hawawezi kungojea muda huo wote. Kwa hiyo somo letu la leo ni hili: familia isaidiwe sasa, hata kama mlevi bado hajakubali kusaidiwa. Na wa kwanza wanaoweza kuisaidia ni majirani zake, yaani Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo.

ULEVI NI UGONJWA, KIPIGO NI KOSA

Ni vizuri tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya.

Ulevi wa kupindukia ni ugonjwa. Pombe ikinywewa kwa wingi na kwa muda mrefu hubadilisha utendaji wa ubongo. Mwili huizoea, ukaanza kuidai. Mtu wa namna hiyo huamka asubuhi mikono ikitetemeka, na haitulii mpaka apate bilauri ya kwanza. Huahidi kuacha kwa moyo wa kweli, na jioni huonekana tena kilabuni. Si kwamba hana aibu, ameshikwa. Haidhuru anakunywa bia, mbege, ulanzi, komoni au gongo. Gongo ina hatari ya ziada, kwa sababu mara nyingine huwa na sumu inayoweza kupofusha macho na hata kuua. Kuhusu pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, ile iliyoitwa viroba, Serikali ya Tanzania iliipiga marufuku tangu Machi 1, 2017, kwa sababu ilikuwa rahisi mno kufika mikononi mwa vijana na wanafunzi.

Kipigo ni jambo jingine. Pombe huongeza hasira na huondoa haya, lakini haimchagulii mtu nani wa kumpiga. Tuangalie wenyewe: mlevi anayempiga mkewe kila Jumamosi hakumpiga mwenye kilabu, wala hakumpiga polisi aliyekutana naye njiani. Alingoja mpaka afike kwake, akafunga mlango. Tena wapo wanaume wanaopiga bila kunywa hata tone, na wapo walevi ambao hawajainua mkono kamwe. Kwa hiyo maneno kama "si yeye, ni pombe" yasikubaliwe. Mgonjwa atibiwe ugonjwa wake, na mkosaji awajibike kwa kosa lake, hata kama mgonjwa na mkosaji ni mtu yule yule.

Tukumbuke pia kwamba wapo wanawake walevi, na wapo wanaume wanaopigwa na kutukanwa nyumbani, nao huona aibu kubwa kusema. Yale tunayoeleza hapa yanawahusu na wao.

WANAOUMIA KIMYA KIMYA

Tatizo hili si dogo. Katika utafiti wa Taifa wa afya wa mwaka 2015-16, wanawake 40 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikia miaka 15. Maana yake ni kwamba katika jumuiya yenye akina mama ishirini, tusishangae tukikuta wanane. Tena wengi wao husali nasi kila wiki.

Mwenzi wa mlevi huugua kwa namna yake. Hukosa usingizi, huumwa kichwa na tumbo, moyo hwenda mbio kila asikiapo hatua mlangoni. Polepole maisha yake yote huzunguka jambo moja: leo atarudi vipi? Hudanganya majirani, hukopa ili kuficha upungufu, hulipa madeni ya kilabuni, huacha kwenda jumuiya kwa sababu ya alama usoni. Akiwa mjamzito, kipigo kinaweza kuharibu mimba au kumleta mtoto kabla ya wakati. Na mama mjamzito anayekunywa pombe humnywesha na mtoto aliye tumboni. Pombe hiyo inaweza kuharibu ubongo wa mtoto kwa maisha yake yote.

Watoto huona na kusikia kila kitu, hata wakijifanya wamelala. Mkubwa huwa mzazi kabla ya wakati wake: hupika, hulaza wadogo, husimama katikati ya baba na mama. Mwingine huwa mkorofi shuleni. Mwingine hunyamaza kabisa. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Na jambo baya kuliko yote ni kwamba watoto hujifunza kuwa hivyo ndivyo nyumba ilivyo. Kijana hujifunza kupiga, na binti hujifunza kupigwa.

Hata mfuko wa nyumba huumia. Tuchukue mfano wa baba anayetumia shilingi 3,000 tu kwa siku kwa ajili ya pombe. Kwa mwezi ni shilingi 90,000, na kwa mwaka ni shilingi 1,095,000. Kila familia ipige hesabu yenyewe fedha hizo zingenunua nini: sare, daftari, bati, mbuzi wangapi.

MAMBO YASIYOSAIDIA

Watu wenye nia njema mara nyingi husema na kutenda mambo yanayozidisha madhara. Tuyataje machache.

Kwanza, kumwambia mama "vumilia, huo ndio msalaba wako." Msalaba wa Bwana wetu ni upendo unaojitoa kwa hiari, si rungu mkononi mwa mume. Hakuna mahali Injili inapomtaka mtu auawe nyumbani kwake ili ndoa ionekane nzuri.

Pili, kuwaketisha mume na mke pamoja mbele ya wazee, na kumwuliza mke mbele ya mumewe, "Haya mama, sema, anakupiga?" Atasema hapana. Na akisema ndiyo, atalipa usiku huo huo. Pale penye kipigo, kila mmoja asikilizwe peke yake, na usuluhishi ungoje mpaka usalama uwepo.

Tatu, kumrudisha nyumbani kwa sababu mume ameomba msamaha na kulia. Msamaha ni wajibu wa Kikristo, lakini kumsamehe mtu si kuweka tena shingo mkononi mwake. Toba ya kweli huonekana kwa matendo na kwa muda mrefu.

Nne, kumfungia mlevi ndani ili aache kwa nguvu. Jambo hili ni la hatari kubwa, nasi tutalieleza hapa chini.

TUJIFUNZE KWA WALIOTUTANGULIA

Njia ya kuwasaidia walevi na familia zao kwa vikundi haikuanza leo. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, watu wawili walioshindwa na pombe, Bill Wilson na daktari Bob Smith, waligundua kwamba mlevi husaidika zaidi akiongea na mlevi mwenzake aliyeacha. Wakaanzisha vikundi vinavyojulikana kama AA, ambavyo leo vimeenea duniani pamoja na nchi zetu za Afrika Mashariki. Mwaka 1939, wakati hospitali nyingi zilipokataa kulaza walevi, mtawa mmoja Mkatoliki, Sista Ignatia, alikubaliana na daktari huyo kuwalaza katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini humo. Aliwahudumia kama wagonjwa wengine wote, na alipowaruhusu kwenda nyumbani aliwapa alama ya Moyo Mtakatifu, akiwaomba wamrudishie kabla ya kunywa tena.

Wake zao nao walikuwa wakingoja nje ya mikutano. Polepole wakaona kwamba na wao wana jeraha lao linalohitaji dawa. Mwaka 1951 Lois, mke wa Bill Wilson, pamoja na rafiki yake waliunganisha vikundi vya familia, ambavyo huitwa Al-Anon. Huko mwana familia hajifunzi namna ya kumfanya mlevi aache. Hujifunza mambo matatu: kwamba si yeye aliyesababisha ulevi, kwamba hawezi kuuponya kwa nguvu zake, na kwamba anaruhusiwa kuishi na kupumua hata kama mwenzake bado anakunywa.

Sisi hapa tayari tunacho chombo. Tangu miaka ya 1970 Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati wamezifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa msingi wa uchungaji wetu. Jumuiya ni majirani wa nyumba chache wanaojuana kwa majina. Wanasikia kelele za usiku kabla ya mtu yeyote mwingine. Kinachohitajika ni kuzipa kazi hiyo na kuzifundisha kuifanya vizuri.

JUMUIYA IFANYE NINI?

1. Ichague wasikilizaji wawili au watatu, wanawake na wanaume, wenye kujua kutunza siri. Majina yao yatangazwe, ili kila mtu ajue mlango wa kugonga. Habari watakazoambiwa zisifanywe nia za sala mbele ya watu. Asubuhi baada ya ugomvi, msikilizaji asiende na mahubiri. Aende na uji, akae, asikilize.

2. Iwe na nyumba ya kukimbilia. Familia moja au mbili zenye uwezo zikubaliane kumpokea mama na watoto kwa usiku mmoja au siku chache, wakati wowote. Nyumba hiyo isitangazwe. WAWATA wanaweza kuandaa blanketi, kanga, unga na nguo chache za watoto kwa ajili hiyo.

3. Imsaidie mama apange mpango wa usalama kabla ya siku ya hatari. Aweke kwa jirani anayemwamini mfuko wenye nauli, nguo za watoto, kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya bima kama anayo, na nambari za simu zimeandikwa kwenye karatasi. Watoto wafundishwe kutoka nje na kukimbilia nyumba fulani, wasijaribu kuamua ugomvi. Kelele zikianza, aepuke jikoni penye visu na chumba kisicho na mlango wa pili.

4. Iwatunze watoto. Mwalimu wa Utoto Mtakatifu, katekista au jirani amwambie mtoto maneno haya kwa uwazi: "Si kosa lako." Mtoto apate mahali pa kufanyia kazi za shule na mtu mzima mmoja wa kumwamini. Kitu hiki kidogo kimeokoa watoto wengi.

5. Imwimarishe mama kwa kipato. Kikundi cha kuweka na kukopa, kama VICOBA, humpa akiba yake na wenzake wa kushauriana nao. Lakini kikundi kiwe na busara: mkopo unaopokewa mbele ya mume mlevi unaweza kuishia kilabuni.

6. UWAKA na akina baba wote waongee na wanaume wenzao. Mwanaume anayepiga hujificha nyuma ya kicheko cha wenzake. Siku wenzake watakapoacha kucheka na kumwambia waziwazi kwamba jambo hili ni aibu, atakuwa amepoteza mahali pa kujificha.

KUMSAIDIA ANAYEKUNYWA

Mlevi naye ni ndugu yetu. Aongelewe asubuhi akiwa na akili zake, si usiku akiwa amelewa. Aambiwe yaliyotokea bila matusi: "Jana ulianguka mtaroni, mtoto akalia." Wasimlipie madeni ya pombe wala kumdanganyia kazini, kwa sababu kufanya hivyo ni kumwondolea maumivu ambayo yangemwamsha.

Akikubali kuacha, apelekwe kwanza zahanati au hospitali. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla, mwili unaweza kushtuka vibaya. Saa chache baada ya kuacha huanza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Kuanzia siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa, kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Wengine husema amerogwa au ana pepo, wakamfunga kamba. Huo ni ugonjwa unaoweza kuua, na dawa zake zipo hospitali. Akimbizwe huko mara moja.

Kwa wale walioshikwa na heroini, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2011 kutoa dawa ya methadoni, na baadaye hospitali nyingine zikafuata. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi. Kabla ya kumpeleka kijana huko, familia iulize kama nyumba imesajiliwa, nani anayetibu, na kama wagonjwa wanapigwa au kufungwa minyororo. Palipo na minyororo si mahali pa tiba.

Kurudi nyuma kusituvunje moyo. Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, kibarua wa Dublin huko Ireland, alianza kunywa akiwa mtoto, katika nyumba ambayo baba na ndugu zake walikunywa pia. Mwaka 1884 aliweka nadhiri ya kutokunywa kwa miezi mitatu tu. Kisha akaongeza, akaongeza tena, mpaka akafa mwaka 1925 bila kuonja tena. Mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mstahiki. Alianza na miezi mitatu.

JE, MKE ANARUHUSIWA KUONDOKA?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, nasi tulijibu waziwazi. Ndoa ya Kikristo haivunjwi. Lakini Sheria za Kanisa, kanuni ya 1153, zinasema kwamba mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili humpa mwenzake sababu halali ya kutengana naye. Kwa kawaida huamuliwa na Askofu wa mahali. Lakini kama kuchelewa ni hatari, mwenye kuumizwa anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Sababu ikiisha, maisha ya pamoja yarudishwe. Papa Fransisko naye, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba zipo nyakati ambapo kutengana ni wajibu, ili kuwaokoa walio dhaifu na majeraha makubwa. Mama aliyetengana kwa sababu hiyo hajatenda dhambi, wala asizuiwe kupokea Komunyo Takatifu kwa sababu tu ya kutengana.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mwanandoa yeyote kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Anayesema "nina haki ya kumrudi mke wangu" hana haki hiyo kanisani wala mahakamani.

TUKIMBILIE WAPI?

Aliyeumizwa aende hospitali mapema. Aliyekabwa shingo, aliyepoteza fahamu au mjamzito aliyepigwa tumboni apimwe hata kama anajisikia mzima. Aliyebakwa, mtoto au mtu mzima, afike ndani ya saa 72, na ni bora zaidi siku ile ile, ili apewe dawa za kuzuia Virusi vya UKIMWI ambazo humezwa kwa siku 28. Asioge kwanza, na nguo zake zisifuliwe.

Katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, ambako huandikwa maelezo na kutolewa fomu ya PF3 kwa aliyejeruhiwa. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Mtoto, au yeyote mwenye habari za mtoto anayeteswa, anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo. Kumlawiti au kumbaka mtoto si jambo la kumalizwa kwa ng'ombe wala kwa vikao vya ukoo, na si jambo la kufichwa ili kulinda jina la familia, la shule au la Kanisa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Mama akigonga mlango saa nane za usiku pamoja na watoto, katika jumuiya yetu atagonga mlango gani?

2. Ni maneno gani tunayowaambia wanaopigwa, ambayo huwarudisha kwenye hatari?

3. Wasikilizaji wetu watakuwa akina nani, na nani atawafundisha?

4. Kutoka hapa mpaka zahanati na kituo cha polisi ni umbali gani, na nani ana chombo cha usafiri?

Tunawaomba msimalize mkutano wenu wiki hii kabla ya kujibu swali la kwanza kwa jina la nyumba. Asiyejua pa kukimbilia hubaki pale alipo. Mungu awabariki, na Familia Takatifu ya Nazareti iziombee nyumba zetu zote.